Madogo wa Kihispania, msipitie Kiingereza

Madogo mlioanza Kihispania mwezi huu, nawapenda sana ila leo mnivumilie. Kila kundi jipya likija nasikia yaleyale, "soy veinte años" (mimi ni miaka 20), "soy hambre" (mimi ni njaa), na ukimuuliza mtu kwa nini anakwambia ticha si kwa Kiingereza ndo inasemwa hivyo. Sasa Kiingereza kimeingiaje hapo? Umekulia Temeke unasema nina njaa, nina kiu, nina miaka 20. Tengo hambre, tengo sed, tengo veinte años, imeisha hiyo. Kupitia Kiingereza ni sawa na kutoka Mbagala kwenda Kariakoo ukazungukia Bagamoyo.

1. Irabu zisome kama za kwetu, ñ ni ny ya nyanya, tusonge.

2. Acheni kubandika yo (mimi) kila mahali. "Naongea" haidai "mimi" mbele yake, na hablo vilevile, mwisho wa kitenzi umeshamtaja mtu.

3. Ser na estar, zote mbili ni "kuwa". Hii inawatoa watu jasho, daftari limejaa mishale. Anza hivi: Juma ni mwalimu, es profesor, Juma yuko Kariakoo, está en Kariakoo. Mimi ni mwerevu, soy listo, niko tayari, estoy listo. Halafu ile -me- yetu ya hali: amechoka, está cansado, amekaa, está sentado, amekufa, está muerto, ndiyo ni estar hata kama harudi tena, msibishane na mimi. Ila shughuli zitawatelezesha: sisi tunasema mkutano uko Posta, wao la reunión es en Posta, kwa sababu unataja unapofanyika. Na "ni mgonjwa" kwao ni está enfermo. Hizo mbili karirini tu.

4. Subjuntivo, yaani umbo la kitenzi kama "uje" kwenye "nataka uje". Hapa mnisikilize vizuri. Kuna kijana nilimfundisha, mchapakazi kweli, akapata kazi yake ya kwanza ya kuongoza wageni, akaenda uwanja wa ndege kupokea wazee kutoka Meksiko. Alijiandaa usiku kucha. Kafika mbele yao kasema "quiero ustedes descansar". Wale wazee waungwana, wakatabasamu wakawa wanangoja amalizie maana kwao sentensi haijaungana bado, yeye akadhani hawajasikia akarudia kwa sauti kubwa zaidi, watu wa teksi wanageuka kuangalia, mpaka mama mmoja akamshika mkono akamuuliza taratibu, "¿quiere que descansemos?", yaani unataka tupumzike? Kesho yake ananisimulia sauti haitoki, anasema ticha labda hii lugha si yangu. Iliniuma sana aisee, kwa sababu ungemwambia aseme kwa Kiswahili angesema "nataka mpumzike" bila hata kufikiri, nani Dar nzima anasema "nataka nyinyi kupumzika"? Pumzika, mpumzike, a imegeuka e. Descansar, descansen, a imegeuka e! Hablar, hable. Za -er na -ir ndo zinaenda kwenye a: comer, coma, vivir, viva. Ili wapumzike, para que descansen. Ni lazima uende, es necesario que vayas. Mtu mwenye "nataka uje" mdomoni tangu utotoni hana sababu ya kuiogopa subjuntivo, anachotakiwa ni kuzijua sehemu ambazo wao wanageuza sisi hatugeuzi, mfano sidhani kama anakuja, no creo que venga, na akija, kama bado hajaja, cuando venga.

5. Nimemwona Asha, lazima -m- iwepo. Nimeona nyumba, si lazima. Vi a Asha, vi la casa. Ile a inayowasumbua ndo hiyo.

6. Por na para: hapa Kiswahili kitawapoteza maana "kwa" yetu inabeba kila mzigo. Para ni lengo au unakoelekea, por ni sababu au unakopitia. Tutakaa nazo kipindi kizima, msizikimbilie.

Jumanne kila mtu aje na sentensi kumi za "nataka u-", "nataka m-", ziandikwe Kiswahili kwanza halafu Kihispania moja kwa moja, bila apu ya kutafsiri. Nikikuta Kiingereza pembeni kwa penseli nakifuta nakurudishia daftari, unaanza upya.