Kabla hujanunua pikapu yenye supachaja, soma kile kibandiko cha pili

Shemeji yangu amenipigia simu mara tatu wiki hii. Ameona pikapu nyekundu, F-150 ya Ford, imeinuliwa juu, ina rimu nyeusi za inchi 22, na chini ya boneti imefungwa supachaja. Mwuzaji kamwambia ina nguvu za farasi 700 na kwamba akilala tu, hataikuta. Swali lake ni moja: "Shem, niichukue?" Na mimi ninayeulizwa naendesha gari la namna hiyo hiyo mwaka wa tatu sasa hapa Houston, kwa hiyo siwezi kujifanya mtawa.

Nimwandikie yote hapa, maana najua hayuko peke yake. Vijana wetu wengi Texas wakishapata kazi ya kueleweka, kitu cha kwanza macho yanakimbilia pikapu.

Supachaja ni pampu ya hewa. Inakaa juu ya injini, inazungushwa na mshipi unaotoka kwenye injini yenyewe, na kazi yake ni kushindilia hewa ndani ya silinda ili mafuta mengi zaidi yaungue kwa mpigo mmoja. Tabo hufanya kazi hiyo hiyo, ila yenyewe huzungushwa na moshi wa ekzosi, ndiyo maana huchelewa kidogo kuitika. Supachaja haichelewi. Unagusa akseleta, mgongo umeshabanwa kitini, na ule mluzi wake unakufanya ucheke peke yako kama chizi. Mimi ni mtu mzima na mvi zangu, fundi wa viyoyozi, na bado nacheka.

Lakini jiulize nguvu hiyo imewekewa wapi. V8, yaani injini ya silinda nane, ya lita 5.0 ya F-150 ya 2021 ilitoka kiwandani na farasi 400. Anayekuuzia 700 hajakupa injini nyingine. Bloku ni ile ile, giaboksi ni ile ile ya gia 10, na breki mara nyingi ni zile zile. Kilichoongezwa ni supachaja, nozeli kubwa zaidi za mafuta, rejeta ya pembeni ya kupoza hewa iliyoshindiliwa, na programu mpya ndani ya kompyuta ya injini. Hiyo programu ndiyo iliyonitia adabu, nitaifikia.

Tamaa inaingilia kwenye bei. Ford wenyewe walipotoa Raptor R ya 2023, ile F-150 yao kali kuliko zote, farasi 700 kutoka kiwandani, bei ilivuka dola 100,000. Sasa wakala, yaani duka linalouza magari ya Ford, anakuwekea farasi hao hao kwenye F-150 ya kawaida kwa bei iliyo chini sana ya hapo. Nani hatasimama kutazama? Mimi nilisimama, nikatazama, nikasaini.

Nilichopaswa kufanya kwanza ni kusoma kioo. Marekani, gari jipya lazima libandikwe karatasi ya kiwanda yenye bei na vilivyomo. Ni sheria ya mwaka 1958, na karatasi yenyewe inaitwa Monroney kwa jina la seneta aliyeipigania. Pembeni yake, kwenye gari la aina hii, utakuta kibandiko cha pili. Hicho ni cha wakala. Supachaja imo humo, pamoja na springi za kuinulia, rimu, michirizi ya rangi, wakati mwingine hata zulia la miguuni lililopigwa bei ya mbuzi. Kila kilichoandikwa kwenye karatasi ya kwanza, kiwanda kinakijua. Vya karatasi ya pili, mpaka uonyeshwe vinginevyo, vinajulikana na aliyevifunga tu.

Na waliovifunga hawafanani. Kuna seti ya Ford Performance yenye supachaja ya Whipple, ambayo ikifungwa kwa wakala wa Ford inakuja na waranti yake. Kuna kampuni kama Roush za kule Michigan, ambazo kazi yao ya miaka yote ni hii, na zinauza magari yaliyokamilika kupitia mawakala. Halafu kuna wakala aliyeagiza vifaa mwenyewe, akamkabidhi fundi wake wa nyuma, akabuni jina la kutisha na kulibandika mlangoni. Hilo la tatu ndilo langu. Ndilo la shemeji pia, nimetazama picha alizonitumia.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka wa kwanza nilikwenda kubadilisha oili kwenye gereji ya wakala mwingine, karibu na kwangu. Fundi wa kule, kwa nia njema kabisa, akaona kompyuta ya gari ina programu ya zamani. Akachomeka mashine yake, akaweka mpya kutoka kiwandani. Programu ya kiwanda haijui habari ya supachaja wala nozeli kubwa; inamwaga mafuta kwa hesabu ya injini iliyozaliwa nayo. Nilitoka getini gari likitetemeka kama lina malaria, petroli ikinuka mpaka ndani tunapokaa. Halikufika hata mataa ya pili. Likazima katikati ya njia, trela nyuma, viyoyozi viwili vya mteja juu ya trela, jua la Agosti.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kuwa na gari la watu watatu. Walioweka programu walisema hawakujulishwa kwamba gari limebadilishwa. Walioniuzia walisema programu yao imefutwa na wengine, haiwahusu. Nikaandikia watengenezaji wa supachaja, wakaniomba karatasi ya kazi inayoonyesha nani aliifunga na lini. Sikuwa nayo. Sikuwa pia na kile kifaa cha mkononi cha kuingizia programu, ambacho mara nyingi kinafungamanishwa na gari moja tu. Kilibaki kwa fundi aliyekwisha kuacha kazi. Wiki tatu nilikodi vani ya kufanyia kazi, na kifaa kipya pamoja na programu nikavilipia mwenyewe.

Tangu siku hiyo soketi ya kuchomekea mashine ya ukaguzi, pale chini ya usukani, nimeifunika kwa utepe mwekundu. Kila nikienda gereji namwonyesha fundi kwa kidole kabla sijampa ufunguo.

Mtu atakwambia kuna sheria ya waranti ya 1975, Magnuson-Moss, kwamba kiwanda hakiwezi kukunyima waranti kwa sababu tu umefunga kifaa cha watu wengine; lazima kihusishe kifaa hicho na hitilafu. Ni kweli, na ukiharibikiwa redio sheria itakusaidia. Lakini pistoni ikitoboka kwenye injini iliyoongezwa farasi 300, unadhani watahangaika sana kuihusisha? Ford hutoa miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na giaboksi. Wakala wako amekupa ngapi kwa hiyo hiyo injini, kwa maandishi, na ukiharibikiwa nje ya mji nani anatengeneza? Usikubali jibu la mdomo. Mimi nilipewa la mdomo, tena na soda baridi.

Fedha nitaisema haraka kwa sababu ni hesabu tu. Chukua mfano kibandiko cha pili kimeongeza dola 15,000 na wewe unakopa kwa asilimia 8 kwa miezi 72. Hiyo nyongeza peke yake ni kama dola 263 kila mwezi, karibu dola 18,900 ukimaliza, kabla hujaweka kodi ya mauzo ya Texas ya asilimia 6.25. Petroli inakuwa ile ya oktani 91 au 93, si ya kawaida. Bima nao waambiwe kabla hujasaini, maana usipotaja vilivyoongezwa, siku ya ajali watakulipa pikapu ya kawaida, wewe ubaki na deni la pikapu ya ajabu.

Na kama unavuta mzigo kama mimi, fungua mlango wa dereva utazame kile kikaratasi cha uzito. Supachaja haiongezi hata kilo moja ya mzigo unaoruhusiwa. Springi za kuinulia na matairi ya ukuta mwembamba ya rimu kubwa yanaweza hata kukupunguzia. Nilikuwa nadhani farasi wengi ni mzigo mwingi. Kumbe.

Ukienda kuitazama, nenda asubuhi bila kupiga simu. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho, kwa sababu unataka kuisikia ikiwaka kutoka baridi. Fungua boneti utafute kibandiko chenye namba ya idhini ya moshi ya jimbo la California, hata kama huishi huko. Seti isiyo nayo inaweza kukusumbua, na hapa kaunti ya Harris kipimo cha moshi hakikufutwa pale ukaguzi wa usalama ulipoondolewa 2025. Kisha omba vitu viwili: karatasi ya kazi ya siku supachaja ilipofungwa, na kile kifaa cha mkononi. Wakivitoa bila kujikuna, una la kufikiria. Wakianza hadithi, vaa kofia yako.

Najua wengine wanawaza wakichoka nayo wataisafirisha nyumbani. Kwetu Mombasa haitapita: Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, wala lililozidi miaka 8. Usiipige hesabu hiyo.

Langu siliuzi. Nimeshalipia ujinga wangu na injini inakwenda vizuri. Lakini mimi nina gari la pili la kazi siku likilala, na shemeji ana moja tu, ana mtoto wa miezi minne, na anaingia zamu ya usiku hospitalini maili 40 kutoka kwake. Nilimwambia anunue F-150 ile ile, V8 ile ile, bila kibandiko cha pili. Akanyamaza. Akasema, "Lakini shem, umesikia mluzi wake?"

Nimeusikia. Basi nikamwambia aende Jumamosi akaombe ile karatasi ya kazi. Akaenda. Mwuzaji akamwambia iko ofisini, ataitumiwa Jumatatu asubuhi. Leo Alhamisi.