Nguzo ya Sanamu kwa Chensoo: Acha Nyama

Chensoo ikishawaka, mkono unataka kukata tu. Kwa muda mfupi inakuwa imeondoa mbao ambayo kwa tezo ungeihangaikia kutwa nzima. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuchonga nguzo yenye sanamu zilizopandana ni ule ambao mafundi wa mbao husema kila siku: acha nyama. Pua, goti, kiwiko, mdomo wa ndege, vyote viachie unene kuliko unavyodhani vinahitaji, mpaka sanamu nzima iwe imekaa sawa. Unene uliobaki utaupunguza hata kesho.

Kabla ya kuwasha mashine, amua unachonga nini. Nguzo zinazojulikana duniani kwa jina la totemu ni za Wahaida, Watlingit na majirani zao wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, na wanyama waliomo ni nembo za koo zenye haki nazo. Si mapambo ya kunakili. Hali kadhalika vigango vya Wagiriama wa pwani ya Kenya, nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa heshima ya marehemu wa chama cha wazee kiitwacho Gohu: viache kwa wenyewe. Mimi somo la kupandanisha miili nimelipata kwenye sanamu za Wamakonde ziitwazo ujamaa, za watu waliobebana toka chini hadi juu. Itazame kazi hiyo kwa makini, uone kila mguu unapata wapi bega la kukanyaga.

Kuhusu mti, mpingo waachie wenye patasi. Ni mgumu mno, unamaliza makali ya mnyororo, na mti unaokua polepole namna ile haufai kugeuzwa chenga. Kwa kujifunzia tafuta mwembe mzee ulioacha kuzaa. Ni laini na haupatikani kwa taabu, ila ukikaa nje wadudu hawauachi. Kwa nguzo ya nje, mvule. Lakini mvule una tabia yake: ndani yake mara nyingine kuna mawe ya chokaa yaliyojijenga humo humo. Utaona cheche, kisha mashine itaacha kutoa chenga na kuanza kutoa vumbi jembamba. Zima, shika tupa, noa. Ukilazimisha, mnyororo butu unakwenda upande na unaharibu mstari. Vaa barakoa pia, maana vumbi la mvule linawasha pua na ngozi. Na gogo liwe na kibali cha kukatwa na cha kusafirishwa.

Chora mbele na ubavuni kwa chaki, pamoja na mstari wa katikati. Anza juu ukishuka. Panapotakiwa kuondoka mbao nyingi, kwa mfano chini ya kidevu, piga mikato mingi sambamba yenye kina kimoja, halafu vibanzi vinavyosimama vigonge kwa shoka vidondoke. Hivyo kina hakikuponyoki. Mimi hupenda kuweka hondohondo juu kabisa, na mdomo wake nauinamisha hadi kifuani, ufuate nyuzi za mti. Mdomo uliotokeza mbele unakata nyuzi, na utavunjika hata kwa kuguswa na ngazi.

Sasa hatari yenyewe. Kona ya juu ya ncha ya upanga wa chensoo, ule ubapa wa chuma unaobeba mnyororo, ikigusa mbao, mashine inarusha teke kuelekea usoni kwako kabla hujafikiri. Kwa hiyo usichome mbao kwa kona hiyo. Ukiweza, nunua upanga wa kuchongea wenye ncha nyembamba. Teke lake ni dogo sana. Mikono miwili daima, breki ujue inafanya kazi, na usikate juu ya usawa wa mabega yako: jenga jukwaa, au laza gogo. Kofia yenye kioo, vizibo vya masikio, suruali ya kinga na buti ni sehemu ya bei ya kazi. Asiyeweza kuvinunua, naomba kwa dhati aendelee na tezo kwanza.

Gogo bichi litapasuka, kwa sababu nje hukauka upesi na kuvutana na ndani. Wewe lichagulie pa kupasukia: pitisha mkato mmoja mgongoni, juu hadi chini, ufike kwenye moyo wa mti. Ufa mkubwa utaelekea huko na nyuso za mbele zitakuwa na nafuu. Ncha mbili za gogo, pale lilipokatwa, zipake nta au rangi nzito.

Chensoo ikishatoa umbo, iweke chini. Grenda yenye msasa inalainisha mabega na migongo, lakini macho na midomo ni kazi ya patasi. Mkono unaisikia mbao pale ambapo mashine haisikii. Malizia kwa mafuta ya kitani, na urudie kila yanapofifia, hasa kabla ya masika. Nguzo usiizike ardhini. Isimamishe juu ya zege kwa vyuma vya kufungia nati, ibaki nafasi ya vidole kati ya mbao na zege, maji yapite na uweze kuchungulia kama mchwa wameanza kupanda.