Jibu: Wakwe, mgahawa wa Kiitaliano na spageti "mbichi"

Jambo kaka. Unasema Jumamosi unawapeleka wakwe kwenye ule mgahawa wa Kiitaliano wa mtaani kwenu hapa Lubumbashi, na mara ya mwisho mlingoja saa nzima, kisha spageti ikaja mbichi.

Angalia saa kwanza. Piza yenyewe haichelewi: ile ya Napoli, kwenye tanuri la kuni, huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Kinachowachelewesha ni foleni, maana jikoni wanapika pia piza za watu wa kubeba nyumbani, na hao huwaoni mezani. Mimi hupiga simu mchana na kufika saa kumi na mbili jioni.

Spageti haikuwa mbichi. Waitaliano huitaka al dente, yaani jino lisikie kitu. Mama mkwe wangu aliirudisha jikoni mara mbili hadi garsoni akacheka! Sema mapema iive sana, au waagizie lazanya, hiyo ni laini tu. Kama mzee hali nguruwe, aepuke carbonara: asili yake ni mayai, jibini na nyama ya shavu la nguruwe.

Beba dola safi. Noti yenye mpasuko hata mdogo wataikataa, nawe utaaibika mbele ya wakwe. Ukilipa franka, uliza kiwango kabla ya kuagiza.

Divai sinywi, hapo mwingine akusaidie. Wakwe zangu, lakini, walipofika nyumbani waliomba bukari, yaani ugali.