Mwalimu Anapostaafu, Muulizeni Kwanza

Nimewahi kuwa kwenye kamati ya kumuaga kocha wa mpira wa kikapu mara moja tu, na nusu ya shughuli ile tuliiharibu sisi wenyewe. Wiki iliyopita mchezaji mwenzangu wa zamani, ambaye siku hizi ni kiongozi wa klabu nyingine, alinipigia simu: "Mwalimu wetu anastaafu mwisho wa msimu. Tuanzie wapi?" Nikamwambia popote, ila si kwenye kutafuta ukumbi.

Sisi tulianza na ukumbi. Kocha wetu alikuwa amekaa misimu 22 kwenye klabu moja, na katika mpira wa kikapu wa kulipwa hilo ni adimu kuliko ubingwa. Makocha wengi hufukuzwa hata begi hawajamaliza kulifungua. Kamati ikapanga jukwaa, ngao ya kioo na hotuba 11. Yote yawe siri, ashtukizwe uwanjani, dakika chache kabla ya mechi yake ya mwisho nyumbani.

Aliyewahi kukaa chumba kimoja na kocha nusu saa kabla ya mechi ameshaona kosa liko wapi. Saa hiyo mtu yule hakumbatiwi. Kichwani anapanga nani amkabe mrefu wa upande wa pili, na nani aingie yule wa kwanza akipata faulo mbili za haraka. Taa zikazimwa, video ikaanza, naye akasimama katikati ya uwanja mikono nyuma, macho kwenye saa. Vijana walikuwa wameshapasha misuli. Hadi hotuba ya nne walikuwa wamepoa. Tukafungwa kwa pointi 19. Kwenye ngao, jina lake lilikuwa limepungua herufi moja. Siku mbili baadaye aliniambia, bila hasira yoyote, "Mngeniuliza tu."

Kwa hiyo muulizeni. Atasema hataki kitu, wote husema hivyo. Msimwachie hapo. Mwulizeni nani angependa kumwona, maana swali hilo hujibika hata na mtu mwenye haya.

Kama ni lazima iwe siku ya mechi, basi fanyeni baada ya mechi, mkijua kwamba wapinzani hawakuja kusherehekea. Mike Krzyzewski hakuwa kocha wa klabu ya kulipwa, alifundisha chuo kikuu cha Duke kwa misimu 42, lakini kisa chake kinafaa hapa. Tarehe 5 Machi 2022 aliagwa nyumbani mbele ya wachezaji wake wa zamani wapatao 100, na watani wao wa jadi, North Carolina, wakawafunga 94 kwa 81. Alipopewa kipaza sauti, kitu cha mwanzo ikabidi kiwe kuwaomba mashabiki radhi.

Halafu kuna suala la jezi. Mchezaji akistaafu, klabu inaistaafisha namba yake na kuitundika juu ya uwanja. Kocha hana namba. Sasa mtatundika nini? Hapa ndipo napenda jinsi klabu za Marekani zinavyojiongeza. New York Knicks walimtundikia Red Holzman 613, idadi ya mechi alizowashindia. Portland walimpa Jack Ramsay 77, kwa sababu ubingwa wao waliupata naye mwaka 1977. Chuck Daly alipewa 2 na Detroit Pistons, kwa mataji mawili mfululizo, 1989 na 1990. Red Auerbach naye ana 2 kwa Boston Celtics, ingawa mataji aliyowapa akiwa kocha ni tisa: namba 1 walikuwa wameshamwekea Walter Brown, mwanzilishi wa klabu, yeye akafuatia.

Ninayempenda zaidi ni wa Jerry Sloan. Aliifundisha Utah Jazz tangu 1988, akaondoka ghafla Februari 2011 katikati ya msimu, na ubingwa hakuwahi kuuona. Januari 2014 wakamtundikia 1223, ushindi wake wote akiwa na Jazz, ligi na mtoano pamoja. Yaani kumbe inawezekana kusubiri karibu miaka mitatu, vumbi likatulia, mkafanya kwa utulivu na mwenyewe akiwa hai wa kuona. Na asiye na kombe naye ana namba yake, mradi mtu akae chini ahesabu. Wa kwetu tulimhesabia wachezaji: vijana 143 walipita mikononi mwake. Hiyo ndiyo tuliyotundika.

Ila kusubiri nako kuna mipaka. Gregg Popovich alikaa San Antonio Spurs misimu 29, mataji matano, ushindi 1,422 wa msimu wa kawaida, hakuna kocha wa NBA, ligi yao ya kulipwa, aliyefika hapo. Novemba 2024 akapata kiharusi, na Mei 2025 akaachia benchi. Hakupata mechi ya kuaga. Siku chache baadaye alitokea mbele ya waandishi, Tim Duncan upande mmoja, Manu Ginóbili upande mwingine, naye amevaa fulana iliyoandikwa El Jefe, yaani Bosi. Nilipoiona picha ile niliona aibu kwa hotuba zetu 11. Watu wawili waliocheza chini yake wakisimama tu pembeni wanatosha.

Kuhusu nani aongee: viongozi wasizidi mmoja. Wale nyota nao wameshaongea sana maisha yao yote. Mtafuteni aliyekaa benchi. Sisi ilitokea kwa bahati, mzungumzaji mmoja hakufika, kipaza sauti akapewa mchezaji ambaye msimu wake mzima alicheza dakika 31. Kocha wetu alikuwa na tabia ya kumwachia kila mtu kikaratasi kwenye kiti baada ya mechi, mistari miwili mitatu ya mwandiko mbaya. Kijana yule akatoa mfukoni bahasha nene, vikaratasi vyote anavyo. Akasoma kimoja: "Hukuingia. Lakini uliona pembeni wanavyotuzunguka, ukapiga kelele, tukapata mpira mara mbili. Nimeandika kwenye daftari." Uwanja mzima ukanyamaza. Kocha akavua miwani akaanza kuifuta kwa tai, akaifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani.

Msimsahau mke wake na watoto, na msiwaweke viti vya nyuma kama tulivyofanya sisi (bado inanichoma). Jumamosi zote zile zilikuwa zao. Mtunza vifaa na kocha msaidizi nao wakae mbele.

Zawadi: hana haja ya kioo kingine cha kupangusia vumbi. Mtunza vifaa wetu alikuwa amehifadhi ubao mdogo aliochorea mbinu wakati wa taimauti, kona moja imeshikwa kwa plasta ya kifundo cha mguu. Ukiuinamisha kwenye mwanga, mishale ya zamani bado inaonekana chini ya wino uliofutwa. Tulimrudishia bila kuusafisha. Ile ngao sijui aliiweka wapi.

Wiki mbili baada ya sherehe nilikwenda nyumbani kwake kufanya kile tulichopaswa kufanya mwanzo. Nikamuuliza. Hakufikiri hata sekunde tano: "Mazoezi. Mara moja tu, na wote watakaoweza kuja."

Walikuja 37. Vitambi, magoti yamefungwa bandeji, mmoja kaja na mwanawe aliyekwishamzidi urefu. Tulidhani tutapiga picha na kutaniana. Dakika ya nne filimbi ikalia. "Kunjeni magoti! Hukabi mtu umesimama kama nguzo!" Wanaume wenye mvi wakakunja magoti. Uwanja tuliuomba kwa saa moja, akatuweka saa moja na dakika 40, mtunza vifaa akiwasha na kuzima taa kumkumbusha. Mwisho akatupanga mstari: kila mtu apige mitupo huru miwili, yote iingie ndipo aondoke, anayekosa arudi nyuma ya foleni.

Mimi nilirudi mara tatu.