Kwa anayebuni lugha iliyokufa ya Kondoa

Ndugu, umeuliza kama lugha ya watu waliotoweka Kondoa uliyoibuni kwa riwaya yako itaaminika ikiwa na ngeli za Kibantu, jinsia ya kike na kiume, vidoko (sauti za kupiga ulimi), na kitenzi mwishoni. Vyote kwa pamoja, hapana. Ichagulie ukoo wa lugha kwanza. Kondoa, Chemba na maeneo ya jirani wanaishi Warangi (Wabantu), Waburunge na Waalagwa (Wakushi), Wasandawe wenye vidoko, na Wadatooga (Waniloti). Ni utajiri mkubwa mno!

Mimi ningeifanya ya Kikushi. Kiburunge hugawa nomino kwa jinsia, kwa hiyo ngeli ziondoe. Vidoko viache kwenye maneno machache tu, kama ilivyo kwa Kidahalo cha pwani ya Kenya, nacho ni cha Kikushi.

Halafu tazama Kirangi, hapo ndipo pana utamu. Katika wakati ujao kitenzi kikuu hutangulia kitenzi kisaidizi, jambo adimu sana kwa lugha za Kibantu, lakini ukikanusha mpangilio unageuka. Ipe lugha yako tabia moja ya namna hiyo, ionekane imeishi na majirani.

Na soma kuhusu Kikw'adza cha Mpwapwa, Kikushi kilichokufa kweli. Kilichoandikwa ni msamiati zaidi kuliko sarufi, kwa hiyo mhusika wako naye apate maneno na vipande vya sentensi, asiokote sarufi nzima.