"Walimu kama 40 hivi" ndiyo kauli iliyonimaliza mimi

Mkuu, rudisha hizo barua kwenye bahasha. Umeuliza barua ya kuomba wafanyabiashara wachangie zawadi za watumishi wa shule iandikweje, uanze na maduka yapi, uombe lini na uwashukuru vipi. Sawa. Lakini hapo katikati umechomeka "tuna walimu kama 40 hivi, Jumatatu naanza kuzunguka". Nikaweka simu chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Hiyo "kama 40 hivi" naijua. Imeshanilia hela.

Yangu ilikuwa 38. Nilipewa na mwenyekiti wa kamati yetu ya wazazi, mtu ambaye hata akikosea njia anakosea kwa kujiamini. Nikamuuliza, na watumishi wengine je? Akajibu: "Siku yenyewe ni ya walimu bwana, hao wengine wataelewa." Nami nikajaza 38 kwenye kila barua, nikagonga muhuri, nikaingia mtaani.

Nimtendee haki, jina la siku lilikuwa upande wake. Siku ya Walimu Duniani huwa tarehe 5 Oktoba, inaadhimishwa tangu 1994, na inakumbuka pendekezo la ILO (Shirika la Kazi Duniani) na UNESCO la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu. Mwaka 1997 UNESCO ikapitisha jingine kwa ajili ya wahadhiri. Mpishi wa shule bado yuko kwenye foleni. Ila hao wakubwa hawakusimama getini kugawa miavuli. Niliyesimama ni mimi.

Ndiyo, miavuli. Mfanyabiashara mmoja alinipokea vizuri mno, akasoma barua mpaka mwisho, akasema atatoa miavuli 38 yenye nembo ya biashara yake. Nilitoka pale natembea kama nimeshinda uchaguzi. Siku mbili kabla ya sherehe maboksi yakafika. Mlinzi wa getini akanisaidia kuyabeba mpaka stoo, mawili begani kwa mpigo, jasho linamtiririka. Alipoyatua akafungua kona ya boksi moja, akachungulia, akaniuliza kwa upole kabisa: "Na wetu umo humu?"

Mkuu, nilimwambia umo. Mdomo ulijibu wenyewe.

Nikaenda kwa mhasibu wa shule kuomba idadi ya watu wote. 61. Walimu 38, halafu mhasibu mwenyewe (aliyeniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau), katibu muhtasi, mkutubi, muuguzi, wa maabara, wapishi, madereva, wafanya usafi, wa bustani, walinzi. Watu 23 nje ya hesabu, na ndio watakaopanga viti vya sherehe na kuvitoa.

Nikarudi kwa yule mfanyabiashara. Hakunikaripia, na hilo liliniuma zaidi. Alitoa barua yangu kwenye droo, akaweka kidole juu ya 38, akanyamaza. Kisha akasema alishatenga fungu, alishalipa, na mchapaji wake hawashi mashine kwa vipande 23. Kweli tupu. Kitu chenye nembo hakiongezwi kama sukari kwenye chai. Ningetaja 61 tangu mwanzo, pengine angetoa kitu cha bei nafuu zaidi kikawatosha wote, au angetoa nusu nami nikatafuta mwenzake wa kuchangia nusu nyingine. Nilimnyima nafasi ya kupanga, halafu nikamrudia na bakuli. Mwaka uliofuata nilipopiga simu, msaidizi wake alisema bosi amesafiri. Bosi nilikuwa namsikia anacheka nyuma.

Mwenyekiti naye? "Tuwape kadi nzuri tu." Siku ya sherehe alishika kipaza sauti akapigiwa makofi kwa kufanikisha miavuli. Naomba niishie hapo, nina watoto wanaosoma simu yangu.

Nikatoa hela mfukoni, bei ya reja reja, nikanunua miavuli myeusi isiyo na nembo. Nikajiona nimemaliza. Wiki ya pili ikanyesha mvua asubuhi, nipo getini namshusha mtoto. Miavuli ya rangi yenye nembo inaelekea madarasani, myeusi inaelekea jikoni na stoo. Hata mgeni angejua nani alihesabiwa na nani alikumbukwa baadaye. Mlinzi alikuwa amesimama na wake umefungwa, ananyeshewa, akasema anautunza usichakae. Labda kweli.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siiuzi kwa punguzo: orodha kwanza, barua baadaye. Orodha ya majina, siyo makadirio. Usiishie kwenye daftari la mishahara, maana walinzi na wafanya usafi mara nyingi wameajiriwa na kampuni nyingine na hawamo. Walimu wanaofundisha vipindi vichache tu kwa wiki hawamo. Walimu wa mazoezi hawamo. Nenda getini saa kumi na mbili asubuhi uone nani anaingia, rudi jioni uone mlinzi wa usiku anavyopokea lindo. Majina yabaki kwako, mwenye duka anahitaji idadi tu. Ongeza vichache vya akiba, kwa sababu kuna mtu ataajiriwa wiki hiyo hiyo kukukomoa.

Na kitu kisichowatosha wote usikipokee kama zawadi ya mtu mmoja mmoja. Ukipewa vocha tano za saluni, ziende kwenye bahati nasibu yenye majina yote ya kwenye orodha, wa bustani akishinda kusuka nywele ni juu yake na mkewe. Vocha zenyewe zigeuze nyuma usome. Kuna za "punguzo ukinunua kuanzia kiasi fulani". Hiyo siyo zawadi, ni tangazo umebebeshwa ulisambaze bure.

Barua: ukurasa mmoja, nembo ya shule, saini ya mkuu wa shule, idadi kamili, kitu gani unaomba na kifike lini. Mpe mwenye duka mwenyewe, siyo kijana wa kaunta. Huyo hana mamlaka ya kutoa hata mfuko. Anza na wale ambao wazazi wa shule hununua kwao kila siku. Ulikuwa umeuliza na mengine mawili, sijui matatu, nitayarudia nikitulia, sasa hivi nimeshachafukwa.

Halafu nilinunua 24, siyo 23, kwa sababu walikuwa wanauza kwa dazeni. Ule mmoja uliobaki ndio natembea nao mpaka leo. Ubavu mmoja umeshavunjika.