Loka za kufunguliwa kwa simu ofisini? Someni kwanza yaliyotukuta

Mkuu, umeuliza hivi: ofisi yenu ina watu 60 na meza 35, kila mtu anakaa anapopata, na bosi ameona mahali loka (makabati madogo ya kufungia vitu) zinazofunguliwa kwa simu, sasa anataka milango 60 ya namna hiyo. Ukaomba tukutajie kampuni nzuri. Kampuni sitataja. Nimesimamia ofisi ya aina hiyo hapa Dar kwa miaka minne, tumenunua loka mara mbili, na mara ya kwanza tulinunua vibaya. Mimi ni mtu wa utawala: choo kikiziba naitwa mimi, loka ikigoma naitwa mimi.

Loka zetu za kwanza zilipendeza kweli. Milango 24, kioo kimoja cha kugusa katikati, unaonyesha kadi, mlango unaruka wenyewe. Kila mlango ulikuwa na kitasa cha umeme cha volti 12, na nyaya zote zilikwenda kwenye boksi moja la kuziendesha juu ya kabati. Jumanne moja umeme ukakatika saa mbili asubuhi. Hatukujali, UPS (betri ya akiba inayoshikilia umeme ukikatika) ipo. Kumbe UPS ilishachoka, ikalia dakika chache ikanyamaza. Sasa vitasa vya aina ile umeme ukiondoka vinabaki vimefunga, na ndivyo vinavyotakiwa viwe, maana vinginevyo kila umeme ukikatika mali za watu zingekuwa nje nje. Laptopu 17 zikawa ndani. Wageni wa kuonyeshwa kazi walikuwa wanafika saa nne. Ufunguo wa lile boksi alibaki nao fundi aliyelifunga, na fundi yuko Morogoro msibani. Tulitoboa milango kwa drili, tena drili ya betri ya kuazima kwa jirani, maana ya kuchomeka tungeichomeka wapi?

Tangu siku ile muuzaji yeyote akija kunionyesha kitasa, sitaki kuona kinavyofunguka. Dukani vyote vinafunguka. Namwambia atoe betri, au azime umeme, halafu anifungulie. Akianza kusema "hiyo haitatokea", namshukuru tunaachana kwa amani.

Kwa hiyo bosi wako mwulize kwanza: siku mlango ukigoma, nani ataufungua, kwa kitu gani, na kitu hicho kitakuwepo ndani ya jengo saa hiyo? Loka za simu hapo ndipo zinapochechemea. Simu inazima chaji. Mtu kabadilisha simu jana. Nyingi zinategemea aplikesheni inayoongea na kompyuta za mwenye kampuni huko ng'ambo, akifunga biashara wewe unabaki na bati tupu. Zinafaa ofisi yenye matawi mengi, ambako mtu wa Arusha akija Dar anapewa mlango kabla hajafika. Watu 60 sakafu moja? Sioni.

Sisi mara ya pili tulichukua vitasa vya vitufe vya betri, kila kimoja kinajitegemea, hakuna waya wala waifai. Kimoja kikifa, wengine 39 hawana habari. Ila chagua chenye mambo mawili: tundu la ufunguo mkuu unaofungua milango yote (mafundi wanauita ufunguo malaya, msinishangae), na sehemu ya nje ya kukipa umeme betri zikiisha. Baadhi vina vichuma viwili vya kugusisha betri ya volti 9, vingine vina tundu la chaja ya simu. Vyetu vinakula betri nne ndogo za AA. Zidisha kwa 40 unapata betri 160, kwa hiyo usije ukanunua zile za bei ya chee za barabarani. Nunua alkali, zibadilishe zote kwa siku moja kila mwaka hata kama hazijaisha. Betri ikivuja ndani ya kitasa kwa joto letu hili, kitasa umekizika.

Jambo ambalo wauzaji hawaelezi vizuri ni kwamba vitasa hivi vina hali mbili. Ya kwanza sisi tunaiita ya mgeni: unakuta mlango wazi, unaweka namba yako, unafunga, ukifungua ile namba inafutika na mlango ni wa atakayefuata. Ya pili ya mwenyeji: namba inabaki ile ile mpaka msimamizi aibadilishe. Ofisi ya meza za kuhamahama inahitaji ya mgeni kwa milango mingi na ya mwenyeji kwa michache tu, mfano mhasibu na vitabu vyake vya risiti. Ukiweka zote za mwenyeji, baada ya miezi miwili utakuta nusu ya milango ina viatu vya mazoezi na mwavuli wa mtu aliyeacha kazi.

Hali ya mgeni nayo ina vituko vyake. Mwenzetu alirudi Mwanza na mfuko wa dagaa wa kugawia watu, akaufungia, jioni akaugua, akakaa nyumbani wiki nzima. Mlango gani? Hakuna anayejua. Tulipita tunanusa mlango kwa mlango kama paka. Ufunguo mkuu ninao mfukoni, lakini hatukuwa na utaratibu ulioandikwa wa kufungua mlango wa mtu hayupo, nikaogopa kuja kuambiwa kuna hela imepotea. Sasa tunao: tunafungua watu wawili, tunaandika kwenye daftari, vitu vinawekwa mfuko wenye lebo. Na kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni milango yote ya mgeni iwe wazi. Vipo vitasa vinavyojifungua vyenyewe baada ya saa kadhaa. Tulijaribu, tukaacha, kwa sababu mtu aliyetoka kwa mteja saa mbili usiku alikuta mlango wake uko wazi na laptopu inamwangalia.

Idadi: usinunue 60. Chukua daftari la mlinzi getini la wiki tatu, hesabu siku iliyojaa kuliko zote, ongeza michache ya akiba. Sisi tuko 64, siku iliyojaa walikuwa 36, tukanunua 40 na haijawahi kutupungukia.

Sasa kabati lenyewe. Watu wanagombana kuhusu kitasa halafu wanakifunga kwenye bati la kukunja kwa kidole. Bati jembamba unaingiza bisibisi pembeni, ulimi wa kitasa unachomoka bila namba yoyote. Sisi tulitaka mlango wa milimita 0.8 na ukingo uliokunjwa, kabati likafungwa ukutani kwa boliti ili lisimwangukie mtu. Na pima mdomo, usipime nje. Kabati likiandikwa upana wa sentimita 30, ukitoa kingo mdomo unaweza kubaki 25 hivi, na laptopu ya inchi 15.6 inapita kwa kusukumana, ikiwa kwenye begi haipiti kabisa. Helmeti ya pikipiki ndiyo usiseme. Nenda na helmeti, begi na laptopu mpaka kwa muuzaji, ziingize mwenyewe mbele yake. Nilichekwa, lakini makabati mawili niliyakataa hapo hapo.

Kama mko karibu na bahari, MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) isiguse sakafu. Mama wa usafi akipiga deki miezi sita, chini inavimba kama mkate. Chuma nacho kinaanza kuoza chini kule kule. Mwambie fundi ainyanyue juu ya fremu ya sentimita 10. Mafundi wa Keko watakutengenezea ya mbao kwa kipimo chako, na ya bati wapo Gerezani, ila vitasa mpelekee wewe kabla hajakata matundu.

Kadi? Inawezekana, hasa kama mlango mkuu wa ofisi tayari unatumia kadi. Lakini uliza mawimbi yake ni ya kilohezi 125 au megahezi 13.56. Zile nyeupe nene zenye namba kumi zimechapwa juu mara nyingi ni za 125, na kunakili moja ni kazi ya sekunde kwa kifaa cha bei ndogo. Hata za 13.56 si zote salama: aina iitwayo MIFARE Classic usiri wake ulivunjwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, tangu 2008, na bado zinauzwa. Omba aina ya DESFire, ambayo usiri wake ni imara zaidi. Alama za vidole mimi nilikataa. Tangu Mei 1, 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, na taarifa za kibayometriki ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Kubeba mzigo huo wa kisheria kwa ajili ya mlango wa kuwekea kandambili, hapana.

Namba za siri watu wataweka 1234, mwaka wa kuzaliwa, au 2580 kwa sababu inashuka mstari mmoja. Chukua kitasa kinachojizima kwa muda mtu akikosea mara kadhaa.

Bosi akitaka na soketi ndani ya loka, mpe hesabu hii: chaja 40 za wati 65 ni wati 2,600, zaidi ya ampea 11. Usiruhusu fundi aining'inize yote kwenye ekstensheni moja. Iwe na njia yake kutoka kwenye bodi, na milango iwe na matundu ya hewa. Sisi tuliweka soketi kwenye milango minane tu, na simu za akiba zenye betri iliyovimba haziingii humo.

Ulisema mnayo makabati ya zamani ya ufunguo yamekaa stoo. Usiyatupe. Ng'oa kitasa kimoja upime tundu. Likiwa la duara lenye pande mbili bapa, milimita 16 kwa 19, vitasa vingi vya vitufe vinaingia bila kukata bati. Pima na unene wa mlango pamoja na urefu wa ulimi wa zamani, uweke vipimo hapa na picha, nitakwambia kama vitakaa.